Dakika Arobaini na Tano

Kengele ya saa sita ilipolia kule misheni, maji ya ugali yalikuwa yanachemka tayari. Juliana akachukua jagi, akamimina maji baridi ndani ya sufuria, povu likatulia. Akafunika, akaketi tena kwenye kigoda chake na kuzivuta kuni mbili nje ya mafiga kama mtu anayepanga moto vizuri zaidi.

"Wewe mtoto," mama yake alisema bila kugeuka, kisu kikiendelea na mboga. "Utanichekesha, na leo si siku ya kucheka."

"Mimi nimefanya nini, mama? Kuni mbichi."

"Kuni za tangu mwaka jana ndizo mbichi!"

Mama Devota alijua. Alijua tangu alipomwona binti yake akiweka sufuria jikoni na jagi pembeni yake. Hakumzuia, maana na yeye alikuwa na moyo, na moyo wake ulikuwa upande wa wapendanao.

Ilikuwa Jumamosi ya posa, na posa hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye ugali. Tena si maneno ya mafumbo. Mzee Liberatus Kihwele, baba yake Juliana, ndivyo alivyoamua wiki tatu nyuma, pale sebuleni kwake Tosamaganga, mbele ya kijana aliyekuja kujitambulisha akiwa na suti iliyombana mabega.

Kijana huyo alikuwa Lugano Mwambene wa Iyunga, Mbeya, fundi wa vifaa vya hospitali. Mwaka uliopita alikuja kufunga darubini mpya kwenye maabara anayofanya kazi Juliana. Kazi ya siku tatu akaifanya kwa siku tano. Siku ya tano Juliana akamsimamia kichwani na kumuuliza hizo darubini zina skrubu ngapi ambazo haziishi. Lugano akamtazama kwa yale macho yake mapole, akaweka bisibisi chini.

"Skrubu ziliisha juzi, dada. Jana na leo nimekuja kukuangalia wewe."

Basi. Tangu siku hiyo Juliana hakuwa Juliana yule wa kulala akiweka kichwa tu kwenye mto. Mbeya ikawa karibu kuliko jirani zake. Simu ikilia, moyo ulitangulia kupokea kabla ya mkono.

Lakini baba yake alikuwa na neno moja tu.

"Mbeya ni mbali," alimwambia Lugano siku ile ya kujitambulisha.

"Mzee, barabara siku hizi ni nzuri."

"Barabara hiyo nimeiendesha lori miaka ishirini na sita, Dar mpaka Tunduma, kwenda na kurudi. Usinifundishe barabara. Mbeya ni mbali. Nilikuwa na dada yangu, aliolewa huko. Mama yetu alipofariki, dada hakuwahi maziko. Na huyu Juliana nimempa jina la mama yangu huyo. Sitamtoa aende mahali ambapo siku nikifa atakuta kaburi limeshafukiwa."

Hapo ndipo ulimi, ambao hauna mfupa, ulipomponyoka Lugano. Alitoa simu mfukoni, akabonyeza hapa na pale, akamwonyesha mzee kioo.

"Mzee, soma mwenyewe. Mbeya mpaka Iringa kwa ndege, dakika arobaini na tano. Na uwanja wa Nduli si umefunguliwa? Mwanao atakunywa chai kwangu asubuhi, na mchana atakula ugali hapa kwako. Hata kesho akitaka."

Mzee Liberatus alivaa miwani. Akasoma taratibu, midomo ikitikisika. Akavua miwani.

"Vizuri. Tusiandikie mate na wino upo. Jumamosi ya tarehe ishirini lete wazee wako. Mnywe chai Iyunga asubuhi hiyo hiyo, msilale njiani, msilale mjini Iringa. Juliana atapika ugali wa mchana. Ugali ukikaa mezani wewe hujafika, posa hakuna. Nimemaliza."

Na mzee huyo akisema amemaliza, hata paka wa nyumba ile hutoka nje.

Siku tatu kabla ya hiyo Jumamosi, Lugano alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwagiwa maji.

"Juliana, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Ndege hakuna."

"Zimejaa?"

"Hakuna kabisa, mpenzi. Ndiyo natoka hapa Songwe uwanjani. Dada wa tiketi amecheka mpaka amewaita wenzake waje wanione. Napanda hapa, nashuka Dar, nalala, kesho yake ndiyo napanda ya Iringa. Ile simu ilipima anga tu, haikusema kuna ndege inayopita humo."

"Lugano! Hukuuliza kwanza kabla ya kumwambia baba yangu?"

"Niliogopa. Unamjua baba yako akikutazama. Mtu akiogopa anasema kinachomjia."

Juliana alitaka kukasirika, akaona machozi na kicheko vinagombania koo moja. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi wa kutegemewa na hospitali nzima, ameahidi kupaa bila mbawa! Na bado alimpenda. Pengine alimpenda zaidi.

"Mdomo umeniponza," Lugano alisema.

"Umetuponza wote wawili. Sasa?"

"Nitakuja na gari, Noah ya baba mdogo. Tukitoka alfajiri, saa tano tuko kwenu. Hebu niambie. Yule shangazi yako aliyeolewa huku anaitwa nani?"

"Faustina. Lakini kwetu hatajwi jina. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu. Hapo Mbalizi kuna Wahehe, nikifika nitashuka kidogo niulizie."

Ndiyo hali ilivyokuwa, na ndiyo sababu Juliana alikuwa jikoni anamwagia maji baridi maji ya moto. Saa mbili asubuhi Lugano alikuwa amepiga kusema lori limelala katikati ya barabara kwenye mteremko wa Inyala, magari yamesimama huku na huku, na wao hata Mbeya hawajaiacha vizuri. Saa nne na nusu akatuma ujumbe kwamba njia imefunguka. Juliana hakuhitaji simu kupiga hesabu. Binti huyu wa dereva alijua Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga kama anavyojua vyumba vya nyumba yao.

Saa saba sauti ikatoka sebuleni.

"Juliana! Maji yamechemka?"

"Bado, baba!"

Jagi tena.

Saa nane sauti ile ile, imeongezeka njaa.

"Juliana! Maji yamechemka?"

"Bado kidogo, baba!"

Baba hakusema ugali uive saa ngapi, Juliana alijiambia. Alisema ukikaa mezani. Na mwiko anaushika nani? Alijisikia jasiri kwa dakika moja tu. Itakuwaje Noah ikiharibika? Itakuwaje baba akichoka kungoja, aseme leteni mikate, shughuli imeisha? Atabaki na nini yeye? Atabaki na darubini zilizofungwa vizuri. Aliminya midomo asilie mbele ya mama yake.

Simu ikatetemeka mfukoni. *Nimepita Mafinga. Usinipikie bado.*

Alikuwa anaisoma kwa mara ya tatu wakati mlango wa jikoni ulipoingia giza. Baba yake alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinarukaruka, mvuke unatoka pande zote. Kuni mbili zilizovutwa zilikuwa zinafuka moshi kando. Jagi lilikuwa mkononi mwa Juliana.

"Hayajachemka?" mzee aliuliza.

Juliana hajawahi kumdanganya baba yake akiwa amemtazama machoni.

"Bado, baba."

Mzee Liberatus alikitazama kifuniko kinavyocheza. Akalitazama jagi. Akamtazama mkewe, ambaye ghafla aliona kuna kitu cha maana sana ndani ya ungo wa mboga.

"Haya," alisema. "Maji ya siku hizi ni magumu."

Akageuka, akarudi zake sebuleni. Mama Devota na binti yake hawakuthubutu hata kutazamana.

Ilikuwa saa tisa na nusu Noah ya bluu ilipopanda kilima, imejaa tope mpaka madirishani. Juliana aliacha mwiko akakimbilia mlangoni, kisha akakumbuka kwamba mchumba anayeposwa hakimbii, akasimama nusu ndani, nusu nje, mkono kifuani.

Lugano alishuka wa kwanza. Suti ilikuwa imekunjamana, tai imeenda upande. Macho yake hayakwenda kwa mzee, hayakwenda kwenye nyumba. Yalikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni, na yalipompata Juliana, safari yote ya siku ile ilimtoka usoni. Baba mdogo wa Lugano, mzee Asukile, mtu mfupi mwenye koti refu, akashuka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe.

Mzee Liberatus alikuwa barazani, saa ya mkononi ameiinua.

"Shikamoo, mzee," alisema Lugano.

"Marahaba. Ndege imetua wapi?"

"Hakuna ndege, mzee. Nilisema kitu nisichokijua. Nilisoma kwenye simu nikakuahidi bila kuuliza. Nimekuja kwa barabara, tangu saa kumi na moja alfajiri. Masaa kumi na nusu." Alisimama wima. "Nimekosa. Naomba unisamehe. Sikuweza kuja kukudanganya mara ya pili."

"Basi umejijibu mwenyewe. Mimi nilisema toka mwanzo. Mbeya ni mbali."

"Si mbali."

Sauti hiyo ilitoka ndani ya gari. Lugano akageuka haraka, akafungua mlango wa nyuma na kumpa mkono mwanamke mzee aliyejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Alishuka polepole, akanyoosha mgongo, akamtazama mwenye nyumba.

"Kamwene, Libe," alimsalimia kwa Kihehe.

Mkono wenye saa ulishuka wenyewe. Hakukuwa na mtu duniani anayemwita mzee yule Libe. Mama Devota, nyuma ya Juliana, alivuta pumzi kwa sauti.

"Ni wifi," alinong'ona. "Faustina. Ee Mungu wangu."

"Umeshindwa hata kuitikia?" bibi yule aliendelea. "Lori lako lilijua kusalimia. Si lilikuwa limeandikwa mbele kwa rangi nyeupe, Kamwene? Mimi nakaa Mbalizi, barabarani kabisa. Miaka yote nauza viazi pale kibarazani. Kila wiki lori linapita linanisalimia, dereva hasalimii."

Juliana alimtazama baba yake. Siku zote alisikia kwamba shangazi alipotelea mbali huko. Hakuwahi kusikia kwamba baba alikuwa anapita mlangoni pake.

"Nilikuwa nakuona," mzee alisema. "Kila mara nilikuona. Ulikuwa unasimama."

"Nilikuwa nasimama ili unione."

"Nikikuona nilikuwa nakanyaga mafuta."

"Kwa nini, baba?" Swali lilimtoka Juliana kabla hajajizuia.

Mzee Liberatus hakumgombeza. Alikaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa sababu ya aibu, mama," alimjibu, maana ndivyo alivyomwita binti yake, kwa heshima ya lile jina. "Siku tulipomzika bibi yako, watu waliniambia tungoje. Padri mwenyewe alisema, Liberatus, tungoje jioni, huenda Faustina yuko njiani. Mimi ndiye mkubwa. Nikasema Mbeya ni mbali, hafiki leo. Tukazika saa saba. Saa tisa akashuka hapo chini kwenye gari, kanga kichwani, analia tangu barabarani. Nikashindwa kumtazama. Mpaka leo nimeshindwa."

Kuku mmoja alivuka uwanja, akapita katikati ya Wambeya na Wairinga bila wasiwasi.

"Saa tisa," alisema Faustina. "Na leo nimefika tena saa tisa imepita, Libe. Kijana wako huyu alikuja Jumatano kwangu, hanijui simjui, akaniambia mama, nimeharibu kwa kaka yako, lakini hata nikikataliwa, wewe panda tu gari twende. Nikapanda. Sasa niambie. Nimechelewa tena?"

Ndipo Juliana alipotoka mlangoni. Alisahau kwamba anayeposwa hasemi mbele ya wageni. Alisimama katikati ya uwanja, aproni yake ina majivu, mwiko mkavu mkononi.

"Hujachelewa, shangazi," alisema. "Ugali sijausonga. Maji ninayo jikoni tangu saa sita, nayaongeza tu. Sikutaka uive kabla hamjafika."

Faustina alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, macho yakajaa.

"Ndiye huyu mwenye jina la mama?" alimuuliza kaka yake. "Umeona, Libe? Wewe ulishindwa kungoja masaa mawili. Huyu amengoja na moto unawaka."

Basi mzee Liberatus, dereva wa miaka ishirini na sita, mtu ambaye hajawahi kulia mbele ya wanawe, alishuka zile ngazi tatu. Kofia ilimwanguka, hakuiokota. Alimkumbatia dada yake, wakalia wote wawili kwa Kihehe, maneno yakikatika, yakirudi, jina la mama yao likitajwa na huyu na kuitikiwa na yule. Mwisho Faustina akarudi nyuma hatua moja, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada yangu. Marahaba. Kamwene."

Mama Devota hakungoja ruhusa. Alipiga vigelegele vilivyovuka shamba la mahindi, na nyumba ya jirani ikajibu bila hata kujua kuna nini.

Ndani, mzee Asukile alikifungua kile kitambaa cheupe juu ya meza. Lilikuwa jembe jipya la posa, mpini wake umepakwa mafuta.

"Sisi watu wa Mbeya tumekuja kuomba," alisema. "Tulikuwa na maneno mengi tumeyapanga, yote tumeyaacha kule tulipokwama. Jembe ni hili, kijana ni huyu, na hivi alivyo mnamwona. Akikosa anasema amekosa."

Mzee Liberatus aliliinua jembe, akalipima uzito. Juliana alisimama nyuma ya pazia la mlango, kidole mdomoni, haoni ila sehemu ya bega la Lugano. Lile bega halikuwa linapumua.

"Dakika arobaini na tano," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile tabasamu likamcheza. "Nilikuwa nimejiandaa kukucheka mpaka Krismasi, kijana. Lakini nitakuchekaje? Wewe umetumia masaa kumi na nusu kutoka kwa dada yangu mpaka hapa. Mimi nimetumia miaka thelathini na moja, na nilikuwa na gari."

"Ndaga, mzee," alisema Lugano kwa sauti ndogo. "Asante."

"Bado sijamaliza. Nina sharti moja. Siku yangu ikifika, asitokee mtu wa kusema Mbeya ni mbali. Mtoto wangu angojwe. Hata iwe kesho yake. Angojwe."

"Atangojwa, mzee. Na tutakuwa tumeshafika."

Mzee alilaza jembe kifuani kwake.

"Posa imepokelewa. Nimemaliza."

Safari hii paka hakutoka nje. Vigelegele vilipanda tena, Faustina akiongoza na sauti ya kizee isiyo na haya. Juliana alikimbia jikoni kwa sababu hakujua mahali pengine pa kupeleka furaha ile. Alisimama mbele ya mafiga, mikono usoni, akacheka, akalia, akarudia kucheka.

"Juliana."

Lugano alikuwa mlangoni. Haikuwa ruhusa awe pale, na wote wawili walijua hawana zaidi ya dakika moja.

"Umechafuka," Juliana alisema.

"Umejaa majivu," Lugano alijibu.

Wakatazamana. Aliingia hatua moja, akamfuta jivu shavuni kwa kidole gumba, taratibu, na Juliana akafumba macho. Masaa yote ya siku ile, na miezi yote ya kuongea kwa simu mpaka chaji inakwisha, vilikuwa vimekuja kukaa kwenye kidole kile kimoja. Ameposwa. Ni wake. Hakuna tena wa kuwapimia njia.

"Sema kweli," Lugano alinong'ona. "Maji yalichemka saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita."

"Umeyaongeza mara ngapi?"

"Jagi zima limeisha mara nne. Ungechelewa zaidi ningekwenda kisimani."

Lugano alicheka kicheko cha kweli, na kicheko hicho kikakatwa na sauti ya sebuleni waliyoijua wote.

"Juliana! Maji yamechemka?"

Juliana alimsukuma mchumba wake nje kwa mwiko, akazirudisha kuni zote mbili ndani ya mafiga, akachota unga kwa mkono uliojaa.

"Yamechemka, baba!"